Mshindi Aliyechelewa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapoona watu wakifuta machozi mbele ya filamu. Ilikuwa siku ya ritongo, baraza letu la wazee kule Susuni, na mimi niliyetakiwa kuwa mtu wa kwanza kufika sikufika kabisa. Nilikuwa mjini Nyamisangura, nimekaa kwenye benchi la banda la video, namlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Nakueleza haya kwa sababu juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini kila tukitazama filamu au kusoma riwaya mioyo yetu hukimbilia kwa yule aliyeonewa, mdogo, asiye na kwao. Nilimjibu kwa maneno matatu makubwa niliyoyapata chuo kikuu. Alinishukuru kwa heshima, akaondoka bila kuelewa. Nami nilibaki nikijiuliza kama niliyaelewa hata siku niliyoyajibia mtihani. Leo acha nijibu vizuri zaidi.

Kwanza nikiri kwamba mapenzi hayo ni mazuri, wala sitaki uyaonee haya. Sisi Wakurya husifu nguvu mchana kutwa. Tunasifu fahali mwenye nundu, tunasifu mwanaume mwenye kifua, tunasifu boma pana. Lakini bibi yangu alipotusimulia hadithi, sikumbuki hata moja ambayo tembo alimshinda sungura na watoto tukaenda kulala tukiwa na furaha. Waliosema maji ya kifuu ni bahari ya chungu walikuwa wameinama chini wakamtazama huyo chungu akihangaika, na kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo hadithi inaweza kumpa mtu: kuinama na kumtazama. Kitabu kizuri kinafanya hivyo. Kinamchukua mtu ambaye sokoni ungempita bila salamu, kinakukalisha naye hadi ujue viatu vyake vinabana wapi. Nimesoma vitabu vingi, vingine kwa hiari, na bado hakuna kitu kinachonipa raha kama kumwona mdharauliwa akiinuka.

Sasa sikia nilivyoyatumia mapenzi hayo nikiwa kijana.

Jirani yetu alikuwa Bibi Bhoke, mjane aliyezaa mabinti watupu, na wote wameolewa mbali. Kwetu, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Tunaiita nyumba ntobhu. Yule aliyeolewa akizaa na mwanaume yeyote, watoto wanakuwa wa nyumba ile, wanabeba jina la marehemu mwenye mji, na mji haufi. Mchimbaji mmoja aliyekuja huku kutafuta dhahabu aliwahi kuniuliza katika ndoa ya namna hiyo nani anavaa suruali. Nikamwambia, mwenye ng'ombe.

Bibi Bhoke alimwoa binti wa Machochwe, kule Serengeti, jina lake Robhi. Walioswaga ng'ombe wa mahari tulikuwa wawili: mimi niliyekuwa nyumbani likizo, na Nyamhanga, mchungaji wa ukoo wetu, mtu mzima, mwenye kigugumizi kizito. Watu walimwita Redio. Akianza kusema, lazima mmoja angepaza sauti, "Badilisheni betri!" na wote wangecheka, mimi nikiwemo. Ila kwa ng'ombe hakuwa na mpinzani. Tulipofika mto Mara na wanyama wakagoma, Nyamhanga aliingia majini kwanza, maji kifuani, akipiga mluzi, na wale ng'ombe wakamfuata kama watoto wanaomfuata mama yao dukani. Mimi nilikuja nyuma nimebeba viatu vya wote wawili juu ya kichwa. Ndiyo kazi niliyoiweza.

Kumbuka jambo hili, maana hadithi yote imesimama hapo: ndoa zetu siku zile hazikuwa na cheti. Cheti kilikuwa wale walioswaga ng'ombe. Siku likizuka neno, wanaitwa mbele ya ritongo, wanasema, "Sisi ndio tuliowapeleka," na neno linakwisha.

Na neno lilizuka. Robhi alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la marehemu. Kabla mtoto hajaota jino, Mzee Magige, mdogo wake marehemu, akatangaza kwamba hapakuwa na ndoa pale. Alisema hajaona hata ukwato mmoja ukitoka kwenye boma la kaka yake. Robhi ni mgeni tu, mtoto wake ni mtoto wa mgeni, warudi Machochwe, na mji urudi kwake yeye ndugu wa damu. Magige alikuwa na sauti, wake, na wana wanne wenye mabega. Bibi Bhoke alikuwa na kuku na jembe. Ng'ombe wa maskini hazai, na huyu alikuwa amezaa, sasa watu walikuwa wanataka kumnyang'anya ndama.

Siku zile mwanamke hakusimama kusema mbele ya ritongo. Ilibidi mwanaume amsemee. Kwa hiyo Bibi Bhoke alikuja kwetu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira, nashinda nyumbani nikiwasahihisha watu Kiswahili chao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Marwa. Nyamhanga moyo wake upo, lakini ulimi unajikwaa. Wewe Mungu alikupa ulimi, ukaenda kuunoa chuoni. Utanisemea?"

"Nitakusemea, Bibi. Hata wakinikata shingo."

"Shingo iache. Njoo mapema tu."

Siku moja kabla ya ritongo nilikutana na Magige njiani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri kabisa, kisha akaweka mkono wake begani kwangu na kuuacha hapo.

"Mura, kijana wangu, nasikia umekuwa wakili wa wanawake."

"Nimeombwa tu niseme nilichokiona, Mzee."

"Uliona nini? Wewe ni mtu wa vitabu. Halafu kesho unatafuta kazi. Watauliza, huyu Marwa ni yupi? Waambiwe, si yule wa kesi ya bibi aliyeoa? Jina la msomi ni kama shati jeupe, mura. Usilipeleke kwenye matope ya watu."

Akanipiga bega mara mbili, akaenda zake akicheka. Nami nilicheka pia, mwanangu, na kicheko kile nakisikia hadi leo.

Asubuhi yake nilijiambia kwamba msemaji wa ritongo hawezi kusimama na nywele kama kichaka. Nikapata lifti ya lori hadi mjini, nikanyoe haraka nirudi. Nilinyoa. Kinyozi alikuwa jirani na banda la video, na nilipotoka nikasikia mtafsiri akiwaita watu kwa kipaza sauti. Enzi zile filamu ilikuwa kwenye kaseti, inaongea lugha ya wenyewe, na jamaa mmoja anakaa pembeni ya televisheni akiigeuza kwa Kiswahili chenye Kikurya ndani yake, na matusi kidogo ya kuongezea ladha. Nikajisemea, nitazame kidogo tu, muda bado upo.

Filamu ilikuwa ya mpagazi wa sokoni, mguu wake mmoja mfupi. Wababe wa soko walimwaga nafaka yake, wakamlazimisha aiokote punje kwa punje. "Mnamwona?" mtafsiri alinguruma. "Leo anaokota ulezi. Subirini, wana wa Tarime! Mtajua hamjui!" Banda zima likaitikia, "Inuka, stelingi!" maana ndivyo tulivyomwita shujaa wa filamu. Mchimbaji mmoja, mgeni nisiyemjua, alinishika goti kana kwamba tumenyonya titi moja. Yule mpagazi alipoinuka nililia. Nililia kweli, machozi yakanidondokea kwenye shati ambalo nilikuwa nimelipiga pasi kwa ajili ya ritongo.

Nilipotoka nje jua lilikuwa limekwisha geuka.

Kwa miaka mingi nilisema kwamba nilichelewa kwa sababu ya filamu. Huo ni uongo wa mtu aliyesoma, uliotengenezwa vizuri, una hata chembe ya ukweli ndani. Ukweli mtupu ni kwamba niliingia mle ili nichelewe. Nilimwogopa Magige, na nikatafuta mahali pa kuwa jasiri pasipo gharama.

Yaliyotokea kwenye ritongo nilisimuliwa na mama yangu, na baadaye na kijiji kizima, maana hapakuwa na mtu Susuni ambaye hakuwepo ila mimi.

Wazee walikaa kwenye uwanja wa josho. Magige alisema kwa kirefu na kwa ufasaha. Akaapa tena: hata ukwato mmoja. Mzee mkuu akauliza walioswaga ng'ombe wako wapi. Watu wakanitafuta kwa macho. Mama aliniambia alitazama barabara hadi shingo ikamuuma. Mwishoni Nyamhanga akasimama, fimbo yake mkononi.

"M-m-mimi," alisema. "M-mimi ni-ni-nili..."

"Kaa chini, Redio!" mmoja wa wana wa Magige alipaza sauti. "Betri imekwisha!"

Wakacheka. Nyamhanga alingoja wamalize, kisha akaanza upya pale pale alipoishia. Hakujua kujenga hoja. Alijua ng'ombe. Akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Mweusi mwenye nyota usoni. Mwekundu aliyeinama pembe ya kushoto. Kila ng'ombe alimchukua muda ambao mtu mwingine angemaliza kula ugali. Jua likapanda. Wazee wengine wakaanza kuchora chini kwa bakora zao. Nyamhanga hakuharakisha wala hakukaa.

Akafika kwa ng'ombe mmoja, neno likamkwama kabisa. "Na y-yule m-mwenye s-si... s-si..."

Unajua tulivyo na watu wenye kigugumizi. Hatuna subira. Tunawamalizia maneno yao, tunadhani tunawasaidia, kumbe tunajisaidia sisi. Mzee Magige alikuwa ameshachoka, na juu ya hapo alikuwa Mkurya, na hakuna Mkurya anayevumilia kusikia ng'ombe mzuri akitajwa nusu nusu.

"Sikio lililopasuka!" alifoka. "Yule wa kijivu mwenye sikio lililopasuka, si huyo? Sema tupumzike!"

Mama anasema bakora zote za wazee zilisimama mchangani. Kisha mzee mkuu akauliza taratibu, "Magige, huyo wa kijivu ulimwona wapi?" Ng'ombe yule Bibi Bhoke alimnunua kwa ajili ya mahari tu, akalala bomani usiku mmoja kabla hatujamswaga.

Magige alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza siku ile, aliyekosa neno hakuwa Nyamhanga.

Ndoa ya Bibi Bhoke ikasimama, na mtoto akabaki na jina lake na mji wake. Ila kipande kimoja cha shamba la mji ule, kule chini karibu na kijito, wazee walimwachia Magige, kwa sababu wazee wetu hawapendi mtu mzima arudi kwake mikono mitupu hata akiwa amedanganya. Ningeandika filamu mimi, nisingekubali hivyo. Kigugumizi cha Nyamhanga kingepona palepale, na watu wangembeba mabegani. Hakikupona. Hakubebwa. Alichukua fimbo yake akaenda kunywesha ng'ombe.

Nilifika kwa Bibi Bhoke jioni ile, watu wamekwisha tawanyika. Alikuwa anapepeta ulezi na Robhi, mtoto mgongoni kwa Robhi.

"Msomi wetu amefika," Robhi alisema bila kuinua kichwa. "Tena amenyoa. Karibu, ritongo linakusubiri wewe tu."

"Mwache akae," Bibi Bhoke alisema. "Shikamoo yake sijaisikia bado."

Nikamwamkia. Akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia, kwa sababu uongo uligoma kutoka. Nilitegemea matusi. Badala yake akaniambia nimsimulie hiyo picha. Nikaanza kwa aibu, kisha, Mungu anisamehe, nikanogewa. Nilisimama nikamwigiza mpagazi anavyochechemea. Robhi alicheka hadi akaegemea ukuta. Bibi Bhoke alisikiliza kama mtoto, mikono imelala juu ya ungo.

"Akashinda?" aliuliza.

"Akashinda, Bibi. Wababe wote walikimbia."

"Na nyie mlimshangilia."

"Sana. Banda zima."

"Mlianza lini kumshangilia?"

"Tangu mwanzo, hata alipokuwa anaokota nafaka."

"Mlijuaje kwamba huyo ndiye wa kushangiliwa? Si alikuwa anaokota nafaka tu, kama mimi hapa?"

"Tulijua ndiye stelingi. Sura yake iko kwenye picha pale mlangoni. Stelingi hafi, Bibi."

Alirudi kupepeta. Makapi yaliruka, akayafuata kwa macho.

"Kumbe mlikuwa mnajua," alisema. "Basi nyie hamumpendi mnyonge, Marwa. Mnampenda mshindi aliyechelewa."

Hakunifukuza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Robhi aliniletea uji, nikaunywa, na hadi leo sijui ulikuwa na sukari au hauna.

Kesho yake nilikwenda kwa Nyamhanga machungani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya toba, marefu, yenye methali mbili. Alinisikiliza hadi mwisho kwa subira aliyokuwa nayo kwa kila kiumbe. Kisha akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikummalizia neno lake:

"U-u-ungekuwepo... t-tungemaliza mapema. Ng'ombe w-walichelewa maji."

Basi. Hakuniona adui, wala hakujiona shujaa. Nikamuuliza alipata wapi ujasiri, naye akaniangalia kana kwamba nimemuuliza alipata wapi miguu. Aliwaswaga wale ng'ombe, ameulizwa, amejibu. Nimewahi kuandika kurasa nyingi kuhusu mashujaa wa vitabuni, na niko tayari kuzibadilisha zote na jibu lile.

Nimemfikiria sana Nyamhanga tangu siku ile. Yule mpagazi wa filamu alikuwa na ngoma zinazolia kabla hajainuka, na mtafsiri wa kutuonya tusikate tamaa. Nyamhanga alikuwa na vicheko tu. Hakujua kwamba Magige angeropoka. Alichojua, alivyosimama pale, ni kwamba huenda angemaliza ng'ombe wote, asieleweke, Robhi akafukuzwa na mtoto mgongoni, na yeye akachekwa hadi kaburini. Alisimama hivyo hivyo. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema, lakini wahenga walimwonya mwenye mguu. Mwiba wenyewe hakuna aliyewahi kuuambia kwamba utashinda.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo nakupa mimi niliyeshindwa kuifuata nikiwa na nywele nzuri na shati lililopigwa pasi. Wapende wanyonge wa vitabuni na wa kwenye filamu. Walilie bila haya. Mtu asiyeweza kulia kwa ajili ya mtu wa kubuniwa sijui atalia kwa ajili ya nani. Machozi hayo ni mazoezi, kama mwanafunzi anavyoandika herufi mchangani kabla hajapewa daftari. Ila ukishafunga kitabu, uzime na simu, inuka utazame pembeni. Aliyeonewa wa kweli hana picha mlangoni. Mara nyingi anachosha, anarudia maneno, ananuka moshi, na aliyemwonea ni mtu unayemwamkia kwa adabu na ambaye kesho utamhitaji. Hakuna atakayekuambia kama atashinda. Mara nyingine hashindi, na utakuwa umesimama upande wake bure, na watu watakucheka wote wawili. Simama hata hivyo. Na akianza kusema, mwache amalize neno lake mwenyewe.

Ukiitwa kushuhudia ulichokiona, nenda mapema. Usipitie popote.

Mungu wa baba zetu na wa mama zetu akupe moyo mwepesi wa kuguswa na mguu mwepesi wa kufika. Akujalie macho ya kumwona mtu kabla hajapigiwa makofi. Na zamu yako ya kuwa mdogo mbele ya wakubwa itakapokuja, maana inamfikia kila aliyezaliwa, usikose japo mmoja wa kusimama ubavuni mwako akiwa hajui mambo yatakwisha vipi.